Tulivyofika Sekenke kwa Tairi la Kuku

Nyinyi watu wa kahawa pale stesheni mmenichosha. Tangu nirudi nimesimulia habari hii mara saba, na kila anayechelewa kufika anataka nianze upya. Basi nimekaa nimeandika. Atakayeniuliza tena apewe karatasi hizi asome, aniache ninywe kahawa yangu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Salumu. Miaka thelathini na mmoja nilikagua mabehewa ya treni hapa Manyoni. Kazi yangu ilikuwa kupita na nyundo, nagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linalia vizuri, lenye ufa linakoroma. Nilipostaafu nilinunua pikapu, na ile tabia ikabaki. Kila asubuhi nagonga matairi kwa nyundo ndogo, na nyinyi mnanicheka. Chekeni tu, leo nawapa sababu.

Safari ilikuwa ya Mwanaidi, binti wa marehemu mdogo wangu Athumani. Alikuwa anaolewa Jumapili baada ya swala ya Adhuhuri, huko kwao Sekenke. Baba yake hayupo, babu hayupo, kaka hana. Walii wake, yaani mtu wa kumwozesha, ni mimi peke yangu.

Na kuna jambo mnalijua ila hamlisemi mbele yangu. Athumani alipofariki sikumzika. Mvua ilikuwa imekata njia, nikalala mahali njiani, nikafika Sekenke watu wameshafunika udongo na wananawa mikono. Mwanaidi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alinipokea begi akasema, "Shikamoo baba mkubwa," akaingia nalo ndani. Ningefurahi kama angenilaumu. Siku ile niliapa kwamba ya kwake sitachelewa, hata kama ni kwenda kwa miguu.

Sasa mtauliza, kama uliapa, kwa nini hukuondoka Jumamosi? Mke wangu, Mama Hadija, aliuliza hivyo hivyo. Nikamjibu gari nimeligonga, liko sawa, saa nne asubuhi tutakuwa tumekaa kwenye mkeka tunakunywa chai. Ujuaji, jamani. Ujuaji ni ugonjwa.

Manyoni hadi Ikungi

Tuliondoka mara baada ya swala ya Alfajiri, na nyuma tumepakia ndoo ya asali ya Itigi, magunia mawili ya mchele na mikeka mitatu. Ubaridi ulikuwa mtamu, barabara nyeupe. Mama Hadija alikaa katikati ya kiti, begani kwangu kabisa, kama alivyozoea mwaka mzima uliopita. Hilo la kukaa katikati lina kisa chake, nitakifikia.

Kwanza niwaambie habari ya matairi. Mbele kushoto lilikuwa la Kijapani, lilikuja na gari. Mbele kulia la Kichina, jipya, nililinunua Dodoma. Nyuma kushoto la Kihindi. Nyuma kulia la mtumba, jina lake limefutika. Watu walinisema sana, wakaniambia niyapange mawili mawili yanayofanana, na niwe nayazungusha, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Sikuwasikiliza. Behewa langu lilikwenda Tabora na kurudi miaka nenda rudi bila mtu kulihamishia magurudumu, na lilikuwa linalika sawasawa pande zote. Nikasema gari nalo ni hivyo hivyo, likienda na kurudi limejizungusha lenyewe.

Tulipopita Issuna, tairi la Kijapani likapasuka. Pah! Pikapu likavutwa kushoto, nikalishika kwa nguvu zote nilizonazo, likasimama pembeni kwenye mchanga. Nikashuka kuangalia. Upande wa nje ulikuwa umekwisha mpaka waya zimetokeza, na mimi nililigonga jana yake likanilia vizuri. Mpira bwana, mpira haukoromi.

Jeki nikaiweka, ikazama. Nikaweka jiwe, jiwe nalo likazama. Jasho linanitoka, Mama Hadija ananitazama tu. Mara tukasikia watu wanaimba. Ilikuwa kwaya inakwenda kanisani kwa miguu, sare nyeupe, wanaume watano na akina mama wengi.

"Shikamoo mzee. Mmeharibikiwa?"

"Marahaba wanangu. Jeki inazama."

Hawakuuliza mara ya pili. Wanaume wakakunja mikono, wakalinyanyua pikapu kwa mikono, na mchele wake na asali yake, nikatoa tairi na kuweka la akiba. Akina mama waliendelea kuimba ili wenzao wapate nguvu. Tulipomaliza, wale watano walikuwa na alama za mafuta na vumbi kifuani, na wanakwenda kusimama mbele ya watu. Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa maneno.

"Mzee, unakwenda wapi kwani?" mmoja akauliza.

"Kumwozesha binti wa ndugu yangu."

"Basi tumeanza ibada mapema," akasema, wakaondoka wakiimba. Majina yao sikuyapata. Mungu anayajua.

Ikungi hadi Singida mjini

Ikungi tulisimama kukaza nati na kunywa chai ya rangi na viazi vitamu vya moto. Fundi wa pale aliliangalia lile tairi la akiba, ambalo shemeji yangu alinigawia alipouza gari lake, akatikisa kichwa. Lilikuwa kipara, tena fupi kuliko mengine.

"Mzee, na hili mlima Sekenke hushuki. Ukifika Singida muulize Mama Elia, karibu na njia ya kwenda stendi. Atakusaidia."

Kutoka hapo ilikuwa ni vita. Gari lote linataka kwenda kushoto, mimi nalivuta kulia kwa mikono yote miwili. Nikamwambia mke wangu, "Sogea kidogo huku kwangu."

"Nisogee wapi tena? Si nitakaa kwenye gia!" Lakini akasogea, akacheka, akanifuta jasho kwa mtandio. "Leo una nini wewe mzee?"

Nikakaza usukani. Tukatembea mwendo wa baiskeli, na mabasi yanatupita yakitupigia honi. Singida tuliingia inakaribia saa tano.

Kwa Mama Elia

Nilidhani Mama Elia ni mama lishe, na kwamba fundi ni mwanamume anayekaa kwenye kibanda chake. Tukamkuta mama mmoja wa makamo, ana kilemba na ovaroli, amekaa juu ya tairi anachambua mlenda. Nikamsalimia, nikaagiza chai, nikamuuliza fundi yuko wapi.

"Shikamoo mzee. Chai iko pale ng'ambo," akajibu. "Fundi wa tairi ndiye mimi."

Aibu ya kwanza hiyo. Akaweka mlenda pembeni, akalizunguka gari mara moja, akaguna. Kisha akatoa kamba ya katani. Akaizungusha kwenye kila tairi, na palipokutana akafunga fundo. Alipomaliza akanitandikia kamba chini. Matairi ya mbele, mafundo mawili yalipishana vidole vinne. Ya nyuma yalipishana kidogo.

"Mzee, gari lako lina mguu mfupi. Linachechemea. Ndiyo maana linakuvuta kushoto."

"Lakini lilikuwa linavuta hata kabla ya hili la akiba," nikasema.

Akaliangalia lile la Kijapani lililopasuka. "Hili lilikuwa limekwisha, na mwenzake wa kulia ni mpya na mgumu. Ni yale yale. Hujawahi kuyazungusha?"

Nikamweleza habari ya behewa, linavyokwenda Tabora na kurudi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mzee, behewa likifika Tabora linageuzwa?"

"Haligeuzwi. Linarudi lilivyo, la mbele linakuwa nyuma."

"Na wewe ukifika Singida, huwa unarudi Manyoni kinyumenyume?"

Loo! Waliokuwa pale walicheka, na mimi nilitaka ardhi inimeze. Behewa likirudi, gurudumu la kushoto linakuwa la kulia. Gari unaligeuza, kushoto kunabaki kushoto maisha yake yote. Miaka thelathini na mmoja nimeshinda chini ya magurudumu, nafundishwa hilo na mama anayechambua mlenda!

Na kwa kuchanganyikiwa kwangu nikaropoka, "Kumbe Mama Hadija hakuwa na kosa!"

"Kosa gani?" mke wangu akauliza.

Hapo ndipo kisa cha kukaa katikati. Mwaka uliopita gari lilipoanza kuvuta kushoto, mimi nilidhani ni uzito wake, maana yeye hukaa upande huo na mwili anao, mashallah. Nikaona aibu kumwambia. Nikawa namwambia asogee, akae karibu nami. Yeye akadhani ni mahaba ya uzeeni. Aliwasimulia mpaka majirani. Nilipomaliza kueleza, akajifunga mtandio vizuri, akaenda kukaa kwenye benchi la mbali.

Mama Elia alijifanya hakusikia. "La Kihindi la nyuma ni zuri bado," akasema. "Nikipata mwenzake, nayaweka mbele jozi. La Kichina na la mtumba yanakwenda nyuma, kamba inasema yanakaribiana. Mwenzake ninalo nyumbani, la namna moja, limelika sawa na lako. Ila lina mwenyewe."

"Nani?"

"Kuku."

Nilidhani ananitania. Akatupeleka nyumbani kwake, nyuma ya kibanda tu. Kweli, tairi la Kihindi limelazwa uani, limewekwa majani makavu, na ndani yake kuku mwekundu anaatamia mayai kumi na mawili. Kuku huyo ni wa mama mkwe wake, bibi mfupi, mkavu, anaitwa Bibi Nyamwi. Mama Elia akapiga goti akamweleza kwa Kinyaturu, kwa kirefu. Mke wangu anakisikia kidogo. Mpaka hapo alikuwa hajasema na mimi, lakini akashindwa kujizuia akaninong'oneza, "Bibi anasema kuku akihamishwa atayaacha mayai."

Wakati huo huo simu ikaita. Alikuwa sheikh wa Sekenke.

"Mzee Salumu, tumeshaswali Adhuhuri. Uko wapi?"

"Singida, sheikh. Tairi."

Akasema, "Wageni wa bwana harusi wametoka mbali na wanataka kurudi. Inafaa unifanye wakili wako kwa simu, nimwozeshe kwa niaba yako. Ndoa itakuwa sahihi."

Nikaangalia yule kuku. Niliwaza Athumani na lile kaburi lililofunikwa bila mimi. Nikasema, "Sheikh, ikifika saa tisa sijaonekana, nimekufanya wakili wangu. Kabla ya hapo nakuomba mnisubiri." Nikakata simu, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia mbele ya watu nisiowajua.

Bibi Nyamwi akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyo binti, baba yake yuko wapi?"

"Alifariki, bibi. Mimi ndiye baba."

Hakuuliza tena. Akaagiza beseni na majani mapya. Akamfunika kuku kwa kanga ili asione, akahamisha mayai moja moja, akimsemesha kuku wake kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto, kisha akamweka kuku juu ya mayai akiwa na kanga yake ile ile. "Akiyaacha, yameachwa," akasema. "Binti haachwi." Halafu akataka tuchinjiwe jogoo, amwite jirani yake Mwislamu aje achinje ili tusiwe na shaka. Tukamshukuru, muda haukuwepo. Tulimwachia nusu ya ile asali, naye akatufungia karanga kwenye kitambaa.

Mama Elia alifanya kazi mikono yake huioni. Alipokaza nati ya mwisho akaniambia, "Kila ukimwaga oili, ya mbele yaende nyuma. Na ukinunua, nunua mawili. Na hiyo nyundo, mzee, mwachie mjukuu achezee." Tuliondoka imeshapita saa saba na nusu.

Singida hadi mlimani

Jamani, gari lilinyooka! Niliachia usukani kidogo kujaribu, likaenda kama limewekwa kwenye reli. Mikono ikapumzika. Nilikuwa na raha, na nilikuwa na mtu aliyekaa dirishani anatazama mashamba ya alizeti kama hajawahi kuyaona.

Iguguno tukapita, kimya. Nikamkaribisha karanga, akachukua tatu, akala moja moja, kimya. Misigiri kimya. Tulipofika juu ya mlima Sekenke tukakuta foleni. Lori la mizigo limeharibika kwenye kona, magari yanapita moja moja. Saa nane na nusu. Simu haina mtandao. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Dereva wa lori akaniambia, "Mzee tulia, utapita," nikatamani kumjibu vibaya, nikajizuia, maana naye alikuwa amelala barabarani siku mbili. Nikampa zile karanga zilizobaki.

Zamu yetu ilipofika ilikuwa imebaki kidogo saa tisa. Nikaingiza gia ndogo, tukaanza kuteremka. Upande mmoja jabali, upande mwingine miti mnayoiona vilele tu. Kwa matairi ya asubuhi ile tungekwenda huko kwenye vilele, na sisemi kwa kutia chumvi. Nilifunga breki kwenye kona ya pili, gari likasimama sawa, halikwenda kushoto wala kulia. Nikamwombea Mama Elia na bibi yule na kuku wake.

"Mama Hadija," nikasema, "sogea huku."

"Kwa nini? Gari si limenyooka?"

"Limenyooka ndiyo. Sogea tu."

Hakusogea mara moja. Aliniacha nisubiri kona nzima. Kisha nikasikia bega lake, na akasema, "Ukiniambia tena habari ya uzito, nashuka naenda kwa miguu."

Sekenke

Tuliingia saa tisa na dakika ishirini. Nililiona turubai kwa mbali na watu wamekaa kimya, wanaume wengine wamevaa viatu tayari. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele. Moyo ukanishuka. Nikajua wameshamaliza, na mimi nimechelewa tena nyumba ile ile.

Sheikh akaja kunipokea. Nikampa mkono nikasema, "Alhamdulillahi, kama imeshakuwa. Wamefunga?"

"Hawajafunga," akasema. "Ilipofika saa tisa niliingia ndani na mashahidi kumwomba idhini binti, nikamwambia umenifanya wakili wako. Hakunijibu. Nikauliza mara tatu, hakunijibu, nami nikaona kimya hicho si cha haya. Nimewaambia wageni wasubiri kidogo. Ingia wewe."

Sikupata hata muda wa kunawa. Mikono ilikuwa myeusi ya mpira mpaka kwenye viwiko. Nikaingia, mashahidi wawili nyuma yangu, Mama Hadija ubavuni. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka amefunikwa, vidole vyake vina hina, vimefumbatana. Nikapiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha, ya leo na ya zamani, na yote yakanikimbia.

"Mwanaidi binti Athumani," nikasema, "umeridhia nikuozeshe?"

Akainua mtandio usoni, kitu ambacho bibi harusi hafanyi, na shangazi zake wakashtuka. Akaniangalia usoni, akaiangalia ile mikono, akaishika yote miwili kwa mikono yake ya hina.

"Mimi niliridhia tangu asubuhi, baba mkubwa," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe ndiye uniulize."